Zimwi Linapofika Sinema: Kwa Nini Visa vya Kutisha vya Intaneti Hupoa Vikifanywa Filamu

Utangulizi

Karibu kila mwaka wanafunzi wetu wa somo la fasihi simulizi hutuuliza swali lilelile: je, fasihi hii ingali hai, au tunasoma habari za marehemu? Wanaouliza si wakorofi. Wengi wao wamekulia mijini, hawakuwahi kuketi karibu na bibi akitamba ngano, na ngano wanazozijua walizikuta kitabuni. Swali lao linastahili jibu, na katika makala haya tunakusudia kulijibu kwa njia ambayo pengine msomaji hakuitarajia, yaani kwa kuzitazama filamu za kutisha.

Tutazungumzia visa vya mizimu na mazimwi vilivyozaliwa katika intaneti. Visa hivi hutungwa na watu wa kawaida, husambaa kwa kunakiliwa na kurudiwarudiwa, na kila anayevipokea anaweza kuongeza lake. Jina lake la Kiingereza, creepypasta, lina asili katika maneno yenye maana ya kunakili na kubandika. Baadhi ya visa hivyo viliwatisha watu wengi mno hata makampuni ya filamu yakaona kwamba hapo pana fedha. Filamu zikatengenezwa, na nyingi zikawavunja moyo watazamaji, hasa wale waliovipenda visa vyenyewe.

Jibu jepesi ni kusema kwamba filamu hizo zilitengenezwa vibaya. Hilo ni kweli kwa baadhi yake, lakini halielezi kwa nini kasoro ileile hujirudia kwa waongozaji tofauti na makampuni tofauti. Hoja yetu ni hii: watengenezaji walimchukua mhusika, wakaliacha tukio la kusimulia. Walidhani kwamba kinachotisha ni zimwi, kumbe kilichotisha ni namna watu walivyosimuliana habari za zimwi hilo.

Tumeona vyema kulieleza jambo hili wakati huu kwa sababu katika idara yetu linajadiliwa pendekezo la kuwaruhusu wanafunzi waandike tasnifu kuhusu masimulizi ya intaneti. Wenzetu wengine wanaliunga mkono. Wengine wanaona kwamba huo ni mchezo wa vijana usiostahili shahada. Tunaamini kwamba historia ya filamu hizi inaweza kutusaidia kuamua.

Kisa cha Slender Man

Tuanze na kisa mashuhuri kuliko vyote. Mnamo tarehe 10 Juni 2009, Mmarekani aitwaye Eric Knudsen, akitumia jina la Victor Surge, alituma picha mbili za rangi nyeusi na nyeupe katika ukumbi wa majadiliano wa tovuti ya Something Awful. Washiriki wa ukumbi huo walikuwa wakishindana kubadilisha picha za kawaida ili zionekane kana kwamba zimenasa mambo ya kimzimu. Picha za Knudsen zilionyesha watoto, na nyuma yao, kwa mbali, mtu mrefu kupita kiasi, mwembamba, mwenye suti nyeusi na asiye na uso. Alimwita Slender Man, yaani Mtu Mwembamba. Chini ya picha aliweka maneno machache tu. Picha moja ilidaiwa kusalimika katika moto wa maktaba, na aliyeipiga akadaiwa kutoweka.

Hapakuwa na hadithi kamili. Hakusema zimwi hilo limetoka wapi wala linataka nini. Palikuwa na pengo kubwa, na washiriki wengine wakaanza kulijaza: huyu akaleta picha yake, yule akaleta ushahidi wa daktari, mwingine akadai kupata michoro ya kale. Siku kumi tu baadaye, vijana wa jimbo la Alabama, Troy Wagner na Joseph DeLage, wakaanza kuonyesha katika YouTube mfululizo wa video uitwao Marble Hornets. Video hizo fupi zilidaiwa kuwa kanda zilizookotwa, na ziliendelea hadi Juni 2014. Mwaka 2012 Mark Hadley akatoa bure mchezo wa kompyuta uitwao Slender, ambamo mchezaji hutembea msituni usiku na tochi akitafuta kurasa nane huku zimwi likimfuata.

Msomaji wetu atatambua hapa sifa ambazo amekuwa akizifundisha au kufundishwa. Kisa kina matoleo mengi na hakuna lililo sahihi kuliko jingine. Kila msimulizi ana uhuru wa kubadilisha. Hata jina lilibadilika, kwani katika Marble Hornets zimwi huitwa The Operator. Hadhira si mtazamaji tu bali ni mshiriki. Mwalimu akiliondoa neno "intaneti" katika maelezo haya, atabaki na ngano.

Kisha ikaja filamu. Slender Man, iliyoongozwa na Sylvain White na kusambazwa na kampuni ya Sony kupitia Screen Gems, ilitolewa tarehe 10 Agosti 2018. Ndani yake wasichana wanne wa mji mdogo wa Massachusetts wanatazama video inayodaiwa kumwita Slender Man. Mmoja wao anatoweka, na waliobaki wanamtafuta huku zimwi likiwaandama mmoja baada ya mwingine. Mwigizaji Mhispania Javier Botet, ambaye umbo lake refu na jembamba limempatia kazi katika filamu nyingi za aina hii, ndiye aliyekuwa zimwi.

Kifedha filamu haikuanguka. Iliingiza zaidi ya dola milioni 50 duniani kote. Hata hivyo, wahakiki waliikataa karibu kwa kauli moja. Shirika la CinemaScore, ambalo huwauliza watazamaji wa Marekani maoni yao wanapotoka ukumbini, lilipata alama ya D- katika kipimo kinachoanzia A+ hadi F. Aidha, baadhi ya matukio yaliyoonekana katika tangazo la Januari 2018 hayakuwamo katika filamu yenyewe, na watazamaji walilalamika kwamba hadithi ina viraka. Si filamu ya kwanza kupatwa na hali hiyo. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 2015, Marble Hornets nayo ilifanyiwa filamu, Always Watching, na hiyo pia haikupokewa vizuri ingawa ilikuwa na mwigizaji hodari wa mazimwi, Doug Jones.

Mizani ya mambo sita

Tutumie sasa chombo kinachofahamika na kila mwanafunzi wa idara yetu. Profesa M. M. Mulokozi ametufundisha kwamba fasihi simulizi ni tukio linalofungamana na muktadha wa kijamii, na kwamba tukio hilo hutawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani, tukio, mahali na wakati. Tukiipima safari ya Slender Man kutoka intaneti hadi sinema kwa mizani hii, tutaona kilichopotea njiani.

Kwanza, fanani. Katika intaneti fanani walikuwa wengi, na mipaka kati yao na hadhira ilikuwa myembamba. Sinema haiwezi kufanya kazi hivyo. Sheria ya hakimiliki inataka mwenye mali ajulikane, asaini mkataba na kulipwa. Mengi yaliyomfanya Slender Man atishe yalibuniwa na watu wengine baada ya Knudsen, na kampuni haiwezi kuyachota tu bila idhini ya waliyoyabuni. Matokeo yake ni kwamba filamu humiliki zimwi lakini haimiliki yale ambayo jamii ililivisha.

Pili, hadhira. Anayesoma kisa cha intaneti ana kazi ya kufanya. Huikuza picha ili aone kama kweli kuna mtu nyuma ya mti, hulinganisha tarehe, huuliza, hubishana, na pengine hujibu kwa kutunga lake. Mtazamaji wa sinema hana kazi hiyo. Amelipa kiingilio, ameketi, anasubiri kutishwa. Ni sawa na kuichukua ngano yenye kiitikio, ukamwambia kila mtu anyamaze, fanani ataimba pia sehemu ya waitikiaji.

Tatu, fani. Hapa ndipo penye siri kubwa. Ngano zetu hufunguliwa kwa fomula: paukwa, pakawa, hadithi, hadithi, hadithi njoo. Fomula hiyo humwambia msikilizaji kwamba sasa tunaingia katika ulimwengu wa kubuni, asiogope, tutatoka pamoja. Kisa cha intaneti hakina paukwa. Fani yake ni ushahidi: picha iliyookotwa, barua ya mtu aliyetoweka, mazungumzo ya watu wanaokumbuka jambo. Msomaji anajua kwa upande mmoja kwamba ni uongo, lakini maneno yenyewe hayakiri hivyo hata mara moja, na katika nafasi hiyo ndogo kati ya kujua na kutokuwa na hakika ndimo hofu inamokaa. Sinema, kinyume chake, daima huanza na paukwa yake, nayo ni nembo ya kampuni na majina ya waigizaji. Kabla zimwi halijaonekana, tumeshaambiwa ni nani aliyelipwa kuliigiza.

Nne, mahali. Kisa cha intaneti husomwa na mtu akiwa peke yake, mara nyingi usiku, katika chombo kilekile ambacho ndani ya kisa huleta balaa. Anayeizima kompyuta anabaki chumbani mwake, gizani. Sinema hutazamwa ukumbini pamoja na wageni wanaotafuna bisi, na taa huwashwa mwishoni.

Mambo mawili yaliyobaki, yaani wakati na tukio, yanaelezeka vizuri zaidi kwa mfano mwingine.

Dear David na thamani ya kusubiri

Mnamo Agosti 2017, mchora katuni wa New York, Adam Ellis, alianza kusimulia katika Twitter kwamba mtoto aliyekufa, mwenye kichwa kilichobonyea, alikuwa akimtokea nyumbani kwake. Mtoto huyo aliitwa David. Alionekana kwanza katika ndoto, akiwa ameketi katika kiti cha kubembea. Palikuwa na sharti: unaweza kumwuliza maswali mawili, lakini ukiuliza la tatu atakuua. Msomaji wa ngano hatashangaa kukuta hapo tarakimu tatu na mwiko unaongoja kuvunjwa.

Ellis hakusimulia yote kwa siku moja. Aliandika kidogo, akanyamaza siku kadhaa, kisha akarudi na picha, au na habari kwamba paka wake hukusanyika mlangoni kila saa sita ya usiku. Kwa miezi kadhaa wasomaji wake walikuwa wakisubiri. Alipokaa kimya waliulizana kama yu hai. Kimya chake kilikuwa sehemu ya hadithi, kama vile fanani stadi anavyokohoa, akatazama nje ya dirisha, na watoto wakasogeleana.

Filamu Dear David, iliyoongozwa na John McPhail na kutengenezwa na BuzzFeed Studios, kampuni ya shirika ambalo Ellis aliwahi kulifanyia kazi, ilitolewa Oktoba 2023. Ilipokewa vibaya. Sisi hatuoni ajabu. Miezi ya kusubiri haiwezi kukunjwa ikaingia katika saa moja na nusu. Katika Twitter wakati wa hadithi na wakati wa msomaji ulikuwa mmoja: Ellis akisema ni usiku wa manane, wafuasi wake mjini humo nao walikuwa katika usiku huohuo. Hilo ndilo tukio. Filamu ilipofika, miaka sita baadaye, kila mtu alikwisha jua kwamba Ellis yu hai na anaendelea kuchora katuni.

Je, haiwezekani kabisa?

Msomaji anaweza kutuuliza kama tunadai kwamba kisa cha intaneti hakiwezi kamwe kuwa filamu nzuri. Hatudai hivyo. Wapo waliofaulu, na kufaulu kwao kunathibitisha hoja yetu.

Mfano wa kwanza ni Candle Cove. Hiki ni kisa kifupi cha Kris Straub cha mwaka 2009, kilichoandikwa kwa umbo la mazungumzo ya watu wazima wanaokumbuka kipindi cha televisheni cha utotoni mwao. Mmoja anakumbuka jina la mhusika, mwingine anakumbuka wimbo, wa tatu anakumbuka jambo la kutisha ambalo wenzake walidhani waliliota. Mwishoni mmoja anasema alimwuliza mama yake, naye akamjibu kwamba enzi hizo mtoto alikuwa akikodolea macho televisheni isiyoonyesha chochote ila chenga. Mwaka 2016 Nick Antosca alikifanya kisa hiki kuwa tamthilia ya televisheni ya sehemu sita, ya kwanza katika mfululizo wa Channel Zero, nayo ikasifiwa na wahakiki wengi. Antosca aliongeza wahusika na matukio ambayo hayakuwamo, lakini alilinda kiini: mtu mzima anarudi katika mji wake wa utotoni, na yeye na wenzake wanajaribu kukumbuka pamoja jambo ambalo hawana hakika nalo. Tendo la kukumbuka kwa pamoja, ambalo ndilo lililokuwa tukio la kisa, likawa ndilo hadithi.

Mfano wa pili unatoka Indonesia. Mwaka 2019 mwandishi aliyejificha nyuma ya jina la SimpleMan alisimulia katika Twitter kisa cha wanafunzi wa chuo kikuu waliokwenda kijijini kwa kazi ya kuihudumia jamii, wakavunja miiko ya mahali hapo. Alikisimulia mara mbili: kwanza kwa macho ya Widya, kisha kwa macho ya Nur. Filamu yake, KKN di Desa Penari ya Awi Suryadi, ilitolewa tarehe 30 Aprili 2022 na kutazamwa na watu zaidi ya milioni 9 nchini humo. Wahakiki hawakuafikiana juu ya ubora wake, na wingi wa watazamaji si ushahidi wa ufundi. Lakini tunaona sababu moja inayotuhusu. Kazi ya kijijini ni jambo ambalo wanafunzi wengi wa Indonesia wamelipitia, na imani juu ya wenyeji wasioonekana wa mahali ni mazungumzo ya kawaida huko. Mtazamaji aliingia ukumbini akiwa tayari ni fanani. Alikuwa na kisa chake cha kulinganisha, na alipotoka alikuwa na la kusimulia. Filamu ilirudi katika mazungumzo ilimotoka.

Mfano wa tatu ulitangulia visa vyote tulivyovitaja. Mwaka 1999 Daniel Myrick na Eduardo Sánchez walitoa The Blair Witch Project kwa gharama ndogo sana. Kabla filamu haijaonyeshwa, waliandaa tovuti yenye habari za mchawi wa kubuni na kusambaza matangazo ya kuwatafuta vijana watatu waliodaiwa kupotea msituni. Watu walibishana kama ni kweli, na filamu ikaingiza karibu dola milioni 250. Watengenezaji hawa walijua kwamba filamu peke yake haitoshi. Walianza kwa kuandaa uvumi, ndipo wakaleta picha. Kwa maneno mengine, waliificha paukwa ya sinema.

Damu isiyo ya kubuni

Kuna upande mwingine wa kisa cha Slender Man ambao hauwezi kuachwa. Tarehe 31 Mei 2014, katika mji wa Waukesha, jimbo la Wisconsin, wasichana wawili wenye umri wa miaka 12 walimchoma mwenzao wa umri huohuo kisu mara 19 msituni, wakidai kwamba walifanya hivyo kwa ajili ya Slender Man. Mtoto aliyeshambuliwa alijikokota hadi njiani, akaonwa na mwendesha baiskeli, na akapona. Kesi za wale wawili ziliishia kwa amri ya kuwekwa katika hospitali ya magonjwa ya akili.

Filamu ya 2018 haikusimulia mkasa huo, lakini haikuweza kuukwepa. Tangazo lake lilipotoka, baba wa mmoja wa wasichana walioshtakiwa alilalamika hadharani. Kampuni ya majumba ya sinema ya Marcus, yenye makao yake Milwaukee, iliamua kutoionyesha katika majumba yake ya wilaya za Milwaukee na Waukesha. Kwa watu wa huko, wasichana wadogo wakihangaika msituni kwa sababu ya Slender Man hawakuwa burudani.

Mkasa huu unaturudisha kwenye suala la fomula. Tunapowafundisha wanafunzi kwamba paukwa na maneno ya kufunga ngano ni pambo, tunawapunja. Fomula ni mlango. Bibi anayetamba ngano humwona mtoto aliyetetemeka. Hupunguza sauti, hulifanya zimwi lichekeshe, na hatoki kabla hajaufunga mlango alioufungua. Kisa cha intaneti hakina mlango wa kuingilia wala wa kutokea, na fanani wake haioni hadhira. Ndiyo maana kinatisha kuliko sinema, na ndiyo maana pia anayekisimulia ana wajibu. Ni vibaya kusema kwamba hadithi ndiyo iliyoshika kisu. Mahakama zenyewe ziliona kwamba palikuwa na maradhi. Lakini mtafiti anayeingia katika uwanja huu aingie akijua kwamba nyuma ya masimulizi kuna watu, na baadhi yao ni watoto.

Somo kwa wanafunzi na walimu

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya Marekani na hayatuhusu. Tuwakumbushe habari za Popobawa. Mwaka 1995, kisiwani Pemba na kisha Unguja, ilienea hofu ya kiumbe aliyedaiwa kuwashambulia watu usiku majumbani mwao, hata wengi wakawa wanalala nje kwa makundi. Moja ya mambo yaliyosimuliwa ni kwamba aliyeshambuliwa alitakiwa awaeleze wengine, la sivyo kiumbe huyo angerudi. Kisa kilibeba ndani yake amri ya kusimuliwa, miaka mingi kabla ya watu kuanza kutumiana katika simu ujumbe unaodai usambazwe kwa watu kumi. Nasi tulio huku bara, umeme unapokatika mabwenini wanafunzi husimuliana habari za wacheza usiku, ambao kwa Kiganda huitwa abasezi, na siku hizi habari hizo huendelea katika simu hata baada ya umeme kurudi. Nani asema hiyo si fasihi simulizi?

Kwa hiyo tunaunga mkono pendekezo la kuruhusu tasnifu hizi, kwa sharti moja. Mwanafunzi asifanye kama Sony walivyofanya. Asituletee zimwi peke yake, amelitoa katika mazungumzo na kuliandika upya kwa aya nadhifu. Atuletee tukio: kisa kilitumwa na nani kwa jina gani la kujificha, tarehe gani, saa ngapi, nani alijibu kwanza, nani aliongeza nini, nani alikanusha na alijibiwaje, palikuwa na kimya cha muda gani. Anakili yote mapema, kwa kuwa kurasa za intaneti hufutwa bila taarifa. Na yaliyosemwa katika kundi la faragha asiyachukue bila ruhusa, wala asiyataje majina ya wenyewe.

Sharti hilo linawahusu vilevile wanaokusanya ngano za bibi na babu. Kazi nyingi za ukusanyaji zinazowasilishwa idarani huanza kwa "hapo zamani za kale" na kuishia kwa funzo, bila jina la mtambaji, bila wimbo, bila kicheko cha wasikilizaji, bila hata kutueleza kama ilikuwa usiku au mchana. Zina sungura na fisi, lakini hazina mtu anayesimulia. Ni filamu za Slender Man zilizoandikwa kwa kalamu. Kisha tunashangaa wanafunzi wanapozisoma na kuona kwamba fasihi simulizi imekufa.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba filamu zilizotokana na visa vya intaneti hukosa nguvu kwa sababu huchukua mhusika na kuacha fanani wengi, hadhira inayoshiriki, fani ya ushahidi, mahali pa upweke, wakati wa kusubiri na tukio lenyewe. Tumeona pia kwamba zilizofaulu ziliokoa angalau sehemu ya mambo hayo. Kwa mwanafunzi anayeuliza kama fasihi simulizi ingali hai, jibu letu ni kwamba i hai kiasi cha kuyashinda makampuni yenye mamilioni ya dola. Kinachobaki ni sisi kujifunza kuikusanya bila kuiua.

Kikao cha idara kitakapoliamua suala la tasnifu hizi, tunawaomba wenzetu wenye mashaka wafanye jambo moja dogo kabla ya kupiga kura. Wamwombe mwanafunzi yeyote awasomee usiku, kutoka katika simu yake, kisa anachokiogopa, na wasikilize vizuri anapofika mahali pa kunyamaza.